Sura ya Saba: Kioo cha Kufunikia Maziwa

Remtulla, fundi picha wa mjini Iringa, alikishika kile kioo kwa ncha za vidole, akakielekeza dirishani, akakipindua, kisha akakilamba pembeni. Sajini Liberatus Kalinga akakunja uso. Ushahidi wa polisi haulambwi.

"Magadi," alisema Remtulla. "Hiki kilikuwa kioo cha kupigia picha, Sajini, kile kinachotumika badala ya filamu. Tazama hapa ukingoni, utando wake umebaki kidogo. Mtu amekiloweka kwenye maji ya moto na magadi, halafu akaukwangua."

"Ni kazi ya muda gani?"

"Mimi nikitaka kioo changu kitumike tena, naloweka jioni, nakwangua asubuhi, naloweka tena. Ukiwa na pupa unakikwaruza. Hiki hakina hata mkwaruzo mmoja. Aliyekiosha alikuwa na nafasi, na mkono wake umezoea."

"Na mtu akiiba picha usiku wa manane, anaweza kuwa na kioo safi namna hii kukipambazuka?"

"Labda aanze kuloweka kabla hajaiba," alisema Remtulla, akacheka peke yake.

Sajini hakucheka. Hakuja Iringa kutafuta jambo hilo. Kule Mbeya alikuwa amemwahidi Bwana Mkubwa wa polisi, tena mbele ya makonstebo wote, kwamba angerudi na wapokeaji wa mali ya wizi wakiwa na pingu mikononi. Alikuwa amesikia kwamba pale Ipogolo, kando ya barabara kuu, kuna muuza fremu mwenye vioo vyembamba vizuri ajabu. Kalinga akapanda lori la kwanza. Kumbe vioo vile vilikuwa mabaki ya madirisha ya kanisa fulani lililojengwa upya, na muuzaji, mzee mcheshi, alimwonyesha hata sanduku vilimotoka. Halafu akamwuzia picha ya Mtakatifu Yosefu. Kalinga, kijana wa Tosamaganga aliyejisifu kwamba haongopewi na mtu, aliikubali ile picha ili mradi aondoke pale upesi. Ndipo akapita kwa fundi picha, walau asirudi bila neno.

Neno alilipata, na halikuwa alilolitaka.

Kioo kile kilitoka katika mzigo wa mwanamke aliyeitwa Tupokigwe, mke wa Lutengano, mlinzi wa nyumba ya darubini iliyojengwa mlimani juu ya mji wa Mbeya. Mwenye nyumba hiyo, Daktari Whitcombe, Mwingereza mtaalamu wa nyota, alitoa taarifa Alhamisi asubuhi kwamba sanduku la vioo vyake vya picha limeibiwa usiku. Jumatano jioni lilikuwepo, alisema. Alilishika kwa mikono yake mwenyewe. Na asubuhi hiyo hiyo Jailos, mpishi wake, alimwona Tupokigwe akiteremka njiani na mzigo kichwani, mara akautua chini na kukimbilia kwenye majani marefu kama aliyeona chui. Mzigo ulipofunguliwa, mlikuwa na mabakuli, unga, na kioo kimoja kitupu, kipimo kile kile cha vioo vya Daktari.

"Bwana alinipa nifunikie maziwa," mwanamke alisema.

Daktari alipoulizwa alijibu kwamba hakumpa mtu yeyote kioo.

"Na ulikuwa unamkimbia nani?" Kalinga alimwuliza mwanamke.

"Mtu."

"Jina lake?"

Hapo Tupokigwe alinyamaza. Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali, akaulizwa na ngumi ikipigwa mezani. Akainamisha kichwa tu. Kalinga alijua ukimya wa aina hiyo, au alidhani anaujua. Ulikuwa ukimya wa mtu anayemficha mwenzi wake wa wizi. Akamweka ndani. Asubuhi moja tu ilibaki kabla hajapelekwa kwa hakimu, na hakimu wa siku zile, penye mali ya Mzungu, mwanamke aliyekimbia na mwanamke asiyesema, hakuwa na haja ya kufikiri sana. Kifungo kilikuwa kinamngoja.

Njia nzima ya kurudi, lori likiruka mashimo na pingu zikigongana mkobani, Sajini alijaribu kuyapanga upya mambo yake. Hayakupangika. Kioo kimeoshwa tangu jioni. Sanduku limeibwa usiku. Basi ama Remtulla hajui kazi yake, ama kuna mtu amesema uongo kuhusu jioni ya Jumatano. Alitamani sana Remtulla awe hajui kazi yake.

Alishuka Mbeya kabla ya adhuhuri, vumbi hadi kwenye nyusi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo, alisimama mzee mmoja chini ya mikaratusi, amejitanda blanketi, fimbo mkononi. Mlango wa kituo ulipofunguka, mzee akageuka, akawapa mgongo.

"Yule ni nani?" Kalinga alimwuliza Konstebo Asukile kabla hata ya kuitikia salamu yake.

"Mzee Andendekisye, Afande. Baba yake Lutengano. Yuko pale tangu mama huyu ashikwe. Asubuhi anakuja, jioni anaondoka."

"Kila akituona anaficha uso?"

"Ndiyo, Afande."

Mambo yote yaliyokuwa yamelegea kichwani mwa Kalinga yakakaza tena, na akafurahi. Mtu anayevizia kituo cha polisi na kuficha uso! Huyo ndiye aliyekuwa njiani, huyo ndiye ambaye mwanamke hamtaji. "Mlete ndani."

"Afande, yule mzee hawezi kuingia hapa."

"Hawezi au hataki?"

"Hawezi. Mkwe wake yumo humu ndani."

"Ndiyo maana namtaka. Nitawaweka uso kwa uso. Mlete, Asukile, na akikataa, mshike mkono."

Asukile, kijana wa Rungwe, alivaa kofia yake. Alikwenda. Kalinga alimwona akizungumza na mzee kwa lugha yao, mzee akitikisa kichwa, akirudi nyuma, hadi konstebo wa pili alipoitwa. Walimvusha barabara wakimshika huku na huku. Mzee hakupigana nao. Alipofika kizingitini alivuta blanketi akafunika uso wote, wakamwingiza hivyo, akijikwaa.

Chumba cha mahabusu kilikuwa na mlango wa nondo, kikitazamana na kaunta. Tupokigwe alikuwa ameketi mkekani. Aliona miguu ya mzee, na fimbo, na blanketi. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alijitupa chini kifudifudi, akageukia ukutani, akavuta khanga juu ya kichwa na kujikunja hadi akawa kitu kidogo kabisa pembeni, akitetemeka. Na mzee naye, chini ya blanketi, alikuwa anatetemeka vile vile.

Yule konstebo wa pili, naye mtu wa Tukuyu, kule kule Rungwe, alimwachia mzee mkono akatoka nje bila ruhusa.

"Mna nini ninyi?" Kalinga aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua.

Asukile alimjibu huku akitazama sakafu. "Kwetu, Afande, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hawakai nyumba moja. Hawapiti njia moja. Akimwona kwa mbali anaacha kila kitu, anajificha majanini mpaka apite. Na jina lake halitaji, hata umpige. Ni heshima. Huyu mama ameshikwa kwa sababu ya heshima yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia siku ile ile. Ukasema hutaki hadithi za kwetu, unataka ushahidi."

Alikuwa amesema. Aliyakumbuka maneno yake yote, hata jinsi alivyochezesha kalamu wakati akiyasema, na jinsi alivyojiona hodari. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Angetaka kumwamuru mtu afanye jambo fulani, lakini hakuna aliyemtazama.

"Mtoe mzee nje," alisema. "Taratibu."

Alimfuata mwenyewe hadi chini ya mikaratusi. Mzee Andendekisye alikuwa amefunua uso, akifuta macho kwa ukingo wa blanketi.

"Mzee wangu, Alhamisi ile asubuhi, wewe ulikuwa unapanda njia ya mlimani?"

"Nilikuwa napanda, baba. Nampelekea mtoto mbegu ya viazi. Nikamwona anateremka, akakimbia, nikageuka na mimi, nikasimama mpaka nasikia kimya. Ndiyo hivyo tu."

"Na siku zote hizi umesimama hapa?"

"Nangoja mtu atoke aniulize. Mimi ningeingia vipi?"

Kalinga akasema, "Nisamehe, mzee," na maneno hayo yakamtoka vibaya, makavu, kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo. Mzee hakuyapokea wala hakuyakataa. Alikuwa anatazama kule barabarani.

Alipanda mlimani kwa miguu, saa ile ya jua kali, ingawa landrova ya kituo ilikuwepo. Alikwenda moja kwa moja jikoni.

"Jailos, Jumatano jioni Bwana wako alihitaji maji ya moto?"

"Madebe mawili, Afande," alisema mpishi. "Na magadi yangu yote akachukua. Akajifungia kwenye kile chumba chake cha giza. Akasema nisiingie."

"Na ulimwona akimpa mama huyu kitu asubuhi?"

"Sikuona. Mimi nilimwona anakimbia tu. Wewe uliniuliza kukimbia."

Nyuma ya jiko palikuwa na tuta la miche ya kabichi, limefunikwa vioo dhidi ya baridi ya mlimani. Kalinga alichuchumaa. Vilikuwa vioo vidogo vidogo, vimepangwa kwa unadhifu mkubwa, kila kimoja kimegusana na mwenzake. Alitoa cha kwake mkobani akakilaza juu ya kimojawapo. Vililingana kingo zote nne. Aliinua vingine akatazama pembeni. Kwenye kimoja utando ulikuwa umesahaulika, na ndani yake vistari vyembamba vyeusi, vimesimama wima kama meno ya kitana.

"Nani alipanga hivi?"

"Bwana mwenyewe. Asubuhi ile. Nilifurahi, maana miche ilikuwa inakufa."

Sanduku zima lilikuwa pale bustanini, linakinga kabichi. Kalinga alipita hapo mara mbili katika upelelezi wake, na mara ya pili alikuwa amesifia kabichi zenyewe.

Sasa alijua ni nani. Hakujua ni kwa nini. Mtu haoshi kazi yake ya miaka mingi akaifanya mapaa ya miche. Aliingia katika nyumba ya darubini. Lutengano alikuwemo, akifagia, macho yamevimba. Alipomwona Sajini aliweka ufagio chini na kusimama wima kama mtu anayengoja kupigwa.

"Endelea na kazi, ndugu yangu," alisema Kalinga. "Sikuja kwa ubaya."

Mezani kulikuwa na kile kibomba cha shaba ambacho Daktari alimwonyesha siku ya kwanza. Siku hiyo Mzungu alikuwa na furaha ya mwalimu, licha ya huo wizi wake. Ndani ya kibomba, alieleza, mna kioo chenye pembe tatu kinachoupasua mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Kila kitu kikiungua kinatoa mistari yake, na hakuna vitu viwili vyenye mistari inayofanana. Alirusha chembe ya chumvi kwenye moto, akampa Kalinga kibomba achungulie, na kweli, mstari wa njano ukawaka. Hivyo ndivyo alivyozisoma nyota: hakuzipima kwa ukubwa, alitenga mwanga wake juu ya kioo na kuuliza, huko mbali kunaungua nini? Na nyota moja ya kusini, ambayo jina lake Kalinga hakulishika, ilikuwa imemfanya Daktari ajulikane hadi ng'ambo. Kila kipupwe ilitoa ule mstari wa njano, kisha ikanyamaza mpaka mwaka mwingine. Hakuna mtu aliyewahi kuona nyota ya namna hiyo.

Kwenye kona, karibu na mguu wa darubini, kulikuwa na jiko la bati lenye kuni.

"Hili la nini, Lutengano?"

"La Bwana, apate joto. Usiku wa baridi huku mlimani, mikono yake inakufa ganzi."

"Unaliwasha kila siku?"

"Hapana, Afande. Wakati wa baridi tu. Mwezi wa sita mpaka wa nane."

"Liwashe."

Kuni zilipokolea, Kalinga aliweka kibomba jichoni. Upinde wa mvua, na katikati yake mstari wa njano, umesimama wima, unang'aa. Hakuna aliyetia chumvi. Aliondoa jicho, akatazama jiko, akatazama tena. Mstari ulikuwa pale pale.

"Uko ndani ya kuni zenyewe," ilisema sauti mlangoni. "Chumvichumvi iko katika kila kitu kinachoungua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo."

Daktari Whitcombe alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na leo alionekana kama aliyelala na nguo zake. Alimwambia Lutengano atoke. Kalinga akasema, "Abaki."

"Abaki, basi." Mzungu aliketi juu ya kiti cha kuchungulilia. "Niligundua wiki mbili zilizopita. Nilikaa hapa nikaota moto, nikachukua kibomba hicho kwa mchezo tu. Kama wewe hivi. Nyota yangu, Sajini, ilikuwa jiko la Lutengano. Mwanga wake ulikuwa unapenya pembeni, unaingia kwenye picha zangu. Nimeandika juu yake miaka minne. Wazee wa elimu hii wameniita wanisikilize. Na Jumamosi hii anakuja profesa kutoka kwetu kuviona vioo. Angekaa navyo kidogo tu, angeniuliza: Whitcombe, ulikuwa unaota moto?"

"Ukaviosha."

"Vikiwa vimeibiwa, jina langu lingebaki. Ningesikitikiwa. Niliogopa kuchekwa, basi. Hakuna sababu nyingine."

"Na yule mama alipita."

"Alipita kuleta maziwa, nikiwa bado napanga vioo. Akaniuliza, Bwana, kimoja nifunikie? Nikampa. Baadaye uliponiuliza..." Alijipangusa uso. "Kusema ndiyo kungefungua kila kitu."

"Ukasema hapana. Ukijua yumo ndani."

"Nikijua yumo ndani."

Lutengano alilisogelea jiko, akazitoa kuni moja moja, akazizima mchangani. Kalinga alitaka kumkaripia Mzungu, alikuwa na maneno mengi tayari, lakini Daktari akamwahi, bila ubishi, kama mtu anayesahihisha hesabu:

"Mimi nilisema uongo mara mbili tu, Sajini. Mengine yote uliyatoa wewe."

Ilikuwa kweli.

Alimwambia Daktari achukue kofia yake. Waliteremka pamoja katika gari la Mzungu, Lutengano akiwa nyuma, na mbele ya kaunta Whitcombe aliyasema yote tena, kwa Kiingereza kwa Bwana Mkubwa, kisha, kwa kuwa Kalinga alikataa kusogea mpaka afanye hivyo, kwa Kiswahili, akielekea mlango wa nondo: "Mama, kioo nilikupa mimi. Nilisema uongo." Bwana Mkubwa alimkaribisha ofisini kwake akafunga mlango. Chai iliitishwa. Kalinga alijua yatakavyokwisha humo ndani, na alijua kwamba hatakuwa na sauti.

Kilichobaki kilikuwa chake. Alichukua ufunguo mwenyewe akafungua mlango wa nondo, akaufungua wote mpaka ukagota ukutani.

"Yamekwisha, mama. Nenda nyumbani."

Tupokigwe alikuwa bado ameelekea ukutani. Hakuinuka.

"Kesi imefutwa. Hakuna anayekudai kitu."

"Yuko barabarani," alisema, sauti ndogo chini ya khanga.

Kalinga alitoka. Mzee Andendekisye alikuwa chini ya mikaratusi, amewapa mgongo, na Lutengano alikuwa amesimama kando yake. Sajini alieleza kwamba mwanamke yu huru, lakini hatatoka mzee akiwa pale. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaafiki kwa kichwa.

"Ni vizuri. Nitatangulia mimi, aje nyuma na mume wake, mbali. Lakini ana hofu, baba. Anafikiri kwa kuingizwa mle, amevunja nyumba yetu. Wanawake watamsema. Mimi siwezi kumwambia neno, na mtoto wangu huyu analia tu. Wewe utamwambia. Mwambie hivi: hakuvunja kitu. Waliovunja ni wengine. Aje nyumbani."

Alijitanda blanketi, akashika njia.

Kalinga alivuka barabara. Kaunta ilikuwa imejaa watu. Asukile alikuwepo, na yule konstebo wa Tukuyu, na mama mmoja aliyekuja kushtaki mbuzi. Angeweza kuwatoa. Hakuwatoa. Alisimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, akavua kofia.

"Mama, nimetumwa na mwenye nyumba yenu. Anasema wewe hukuvunja kitu." Akainamisha kichwa. "Aliyevunja ni mimi. Anasema uje nyumbani."

Kisha Tupokigwe akaketi, uso ungali umefunikwa, akaanza kukunja mkeka wa serikali, akaukunja vizuri, akauweka pembeni.

"Amekwisha kupita kona?" aliuliza.

Sajini akaenda mlangoni kutazama.

"Bado," alisema, na akabaki amesimama pale kizingitini, kofia mkononi, akimtazamia njia.